Tangi Limezibwa, Lakini Usinisubiri

Kibiti,
Ijumaa, baada ya swala

Mke wangu Somoe,

Asalaam aleikum. Mnaendeleaje huko mlimani, wewe na huyo aliyemo tumboni? Miguu bado inavimba jioni, au imepungua? Unakula, au bado unakula udongo wa kichuguu tu na kumdanganya mama kwamba umeshiba? Na mama mwenyewe, kile kifua chake kimetulia? Nijibu yote, moja baada ya jingine, usiniandikie tu kwamba hatujambo sote. Mimi huku mwili mzima. Moyo ndio haujakaa, na leo nimeketi kukueleza kwa nini. Barua itakuwa ndefu, ila usishtuke: sijaumia, sijafukuzwa kazi, wala sijaoa mwanamke wa Kibiti.

Neno lenyewe naliweka mbele ili usije ukalitafuta mwishoni. Usinisubiri na pikipiki. Ukishaisoma barua hii, anza kufunga mzigo, uondoke kabla masika hayajashuka, uende Utete kwa shangazi yangu, ukae naye jirani na hospitali mpaka ujifungue. Mimi nimeiogopa ile pikipiki. Nimeiogopa kweli, Somoe, na sasa nikueleze.

Unakumbuka nilivyokuandikia wakati wa Iddi kwamba tajiri wangu, Mzee Kassimu, amenikabidhi pikipiki ya kubebea kamba, wale wa kuliwa, kutoka kwa wavuvi wa delta kuja Kibiti. Nilijisifu sana katika barua ile. Nilisema mimba yako ikiingia mwezi wa nane nitakuja kukuchukua nayo mpaka mlangoni, na kaka yako Hamisi akaitangaza habari hiyo kijiji kizima. Sikukwambia kwamba pikipiki ni kuukuu. Wala sikukwambia ninavyobeba. Kasha kubwa la kamba nalifunga nyuma, na kasha dogo nalipakata mbele, juu ya tangi. Barafu yenyewe tunaitia chumvi ili ubaridi uzidi. Basi njia nzima yale maji ya chumvi yanadondokea tangini, yanapita pembeni mwa mfuniko, yanaingia kwenye petroli na kutuama chini. Na kwenye mikono ya mto tunaivusha pikipiki kwa mtumbwi, nayo inarushiwa maji ya bahari kila siku. Miezi yote hii nimekuwa nikilitia tangi sumu kwa mikono yangu, na nilikuwa nikilifuta vumbi kwa nje na kuona linang'aa.

Siku moja nilipeleka mzigo Bungu. Pale barabarani pana mama mmoja anakaanga mihogo, nami nikasimama karibu na jiko lake, kwa njaa. Sijashuka vizuri, mama yule akapiga kelele, "Baba, unavuja! Ondoka na moto wangu!" Nikatazama chini. Suruali yangu imelowa kutoka pajani mpaka kwenye kifundo cha mguu, nami nilikuwa nikidhani ni maji ya barafu. Petroli imedondoka mchangani, imechora mstari kuelekea jikoni. Nikaisukuma pikipiki nyuma kwa nguvu zote, na palepale kaa moja likaruka kutoka jikoni likaangukia kwenye ule mstari. Moto ukatembea, Somoe. Ulitembea juu ya ule mchanga kama hatua tatu, ukija upande wangu, na mama yule akaumwagia sufuria nzima ya maji ya mihogo. Ukazimika. Watu wakacheka kwa woga, mmoja akasema nimezaliwa upya. Mimi nilikaa chini, sikuweza hata kuifungua ile suruali, vidole vilikuwa vinakataa. Mama wa mihogo alinivua yeye, kama mtoto, akanifunga khanga yake. Nilirudi Kibiti nimejitanda khanga ya mwanamke nisiyemjua jina.

Nilipofungua tangi na kuchungulia, niliona vigamba vya kutu, vyekundu, vimejaa kama majani ya chai. Upande wa chini kulikuwa na vitundu vidogo vitatu au vinne. Wiki moja niliendesha nimeviziba kwa sabuni ya mche, kwani sabuni haiyeyuki kwenye petroli, madereva wote wanalijua hilo. Lakini kila nikipita kwenye shimo nilishuka kupapasa. Mzee Kassimu alikuwa akinicheka. "Inatembea, haitembei?" ananiuliza. Namjibu inatembea. "Basi wewe endesha."

Nikaenda Ikwiriri kwa fundi anayechomelea kwa gesi. Hakulishika tangi hata kidogo. Aliliona begani kwangu tangu mbali, akanyanyua mkono. "Tangi la petroli silichomei, ndugu yangu. Nina watoto." Nikamwambia nimelimwaga, limekauka. Akasema ndilo hatari zaidi likiwa tupu, kwani mvuke unabaki ndani umejificha kwenye kutu, ukiguswa na moto unalipuka. Alinionyesha ukuta wa karakana uliokuwa na tundu lililozibwa kwa tofali jipya. Sikuuliza aliyelitoboa alikuwa nani.

Ningeliacha hapo, lakini nilikuwa nahesabu miezi yako kwa vidole. Nilikuwa nakuona pale njia panda, siku ile, umelala juu ya kitanda tulichokubebea vijana wanne kutoka mlimani, tukisubiri gari ambalo halikuja mpaka jua likazama. Mtoto wetu alizaliwa palepale kando ya barabara na hakulia. Nesi alipokutazama baadaye alituambia wote wawili, mimba nyingine ikija usingojee uchungu nyumbani tena. Na mimi pale barabarani nilijiapia kwamba mara ya pili sitasubiri gari la mtu. Kwa hiyo niliposikia hapana, sikuisikia. Nikalibeba tangi mpaka delta.

Huko bandarini tunakochukulia kamba yupo mzee mmoja, Fundi Sefu, anatengeneza koroboi kwa makopo na kulehemu masufuria yaliyotoboka. Mtu mpole, mwenye maneno mengi na meno machache. Akalizungusha tangi, akalinusa, akasema, "Hili lazima lisuguliwe ndani kwanza. Kutu haishiki risasi ya kulehemu." Ndani ya tangi mkono hauingii. Mafundi wa bara hutia kokoto na kulitikisa. Lakini delta, mke wangu, ni tope tupu. Unaweza kutembea kutwa usione jiwe la kumrushia kuku. Fundi Sefu akafikiri, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kikapu cha simbi, yaani kauri, na makombe ya chaza. "Haya ndiyo mawe yetu," akasema. Tukayavunjavunja na kuyatia. Kisha akakumbuka wanawake wanavyong'arisha masinia ya shaba kwa ndimu, akatia na ndimu, juisi ya kikapu kizima, na siki ya mnazi juu yake. Tukafunga mfuniko. Kile kitundu chake cha hewa tukakiziba kwa nta, penye bomba tukapigilia kijiti, na vile vitundu vya chini vilikuwa na sabuni yangu. Hatukuacha hata pa kupitisha sindano. Mimi nikashika huku, yeye huku, tukaanza kulitikisa.

Tangi likaanza kunguruma. Mwanzo nilidhani ni makombe yanavyosagana. Tukaacha kulitikisa, nalo halikuacha. Fundi Sefu akaweka sikio, akalitoa haraka. "Mna ntu humo!" akasema, macho yamemtoka. Nikashika ubavu wa tangi na kuhisi limevimba mkononi mwangu. Kilichonijia ni moto tu. Nilimwona yule fundi wa Ikwiriri amenyanyua mkono. Nikapiga kelele linalipuka, tukalitupa, tukakimbia mbio kuelekea kwenye mikoko na kuzama topeni mpaka magotini. Kijiti kikatoka kwa kishindo, tangi likapiga mluzi, halafu sehemu ya chini ikapasuka na povu jekundu likaruka juu. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nikisema jina lako, sijui kwa nini, badala ya shahada.

Mke wa fundi, Bi Hadija, alitoka jikoni na mwiko. Alitutazama topeni, akatazama tangi, akatazama maganda ya ndimu. "Simbi na ndimu?" akauliza. "Nyie watu wazima? Watoto wote wa hapa huweka simbi kwenye sahani ya ndimu waione ikitoa povu na kutembea. Wewe Sefu mwenyewe ulikuwa ukicheza hivyo nyumbani kwetu. Halafu umeifungia ndani ya bati na kuziba kila tundu!" Fundi Sefu akasema alisahau. Bi Hadija akacheka mpaka akakaa chini. Fundi naye akacheka. Mimi nilijaribu, nikalia. Nililia mbele yao bila aibu, na yule mama aliacha kucheka akaniletea maji ya kunawa miguu. Akaniuliza nina nini, nikamweleza habari zako. Akasema, "Basi lisafisheni vizuri. Na safari hii nakaa hapahapa nawatazama."

Kutu ilitoka, hilo sikatai. Tulilisafisha kwa maji ya majivu ili kuua ile ndimu, tukatia misumari na nati za mashua badala ya makombe, tukatikisa siku nzima. Ndani pakawa peupe. Lakini vile vitundu vidogo sasa vilikuwa tundu moja la kupitisha vidole viwili, na tundu kama hilo haliwekwi sabuni. Ilikuwa lazima kiraka na risasi, na risasi ni moto.

Tulilianika siku mbili. Tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni, tukalianika tena. Siku ya kulehemu Fundi Sefu alilijaza maji karibu hadi juu, akalipindua ili tundu liwe juu, kukabaki nafasi kidogo tu ya hewa. Chuma cha kulehemu kilikuwa kikiiva kwenye mkaa, mbali, upande upepo unakotokea. Akaniambia, "Shika huku na huku, usitikisike. Likitikisika maji yatahama." Nikashika. Unanijua mimi, Somoe. Mimi ndiye niliyeua chatu kwenye banda la mbuzi la baba yako. Lakini mikono yangu ilikuwa inacheza, na maji yalikuwa yanapiga tangi kwa ndani, nayo nilikuwa nayasikia. Fundi akaja na chuma, kimekuwa chekundu, akasema Bismillahi, akakigusisha pembeni mwa kiraka.

Kulitoka sauti ndogo. Puf, basi. Mwali wa buluu ukatoka penye tundu na kurudi ndani. Nywele za mkono wangu wa kulia ziliungua zote, na nyusi za Fundi Sefu zikabaki nusu. Petroli ilikuwa bado imo, imejificha kwenye mshono, baada ya maji ya moto na jua la siku nne. Bi Hadija alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Ongezeni maji." Tukaongeza mpaka yakamwagika, hata nafasi ya hewa isibaki. Fundi akanitazama kama anayeniuliza. Nilitaka kusema tuache. Badala yake nikashika tena, nikageuza uso pembeni, na hivyo ndivyo tulivyomaliza kazi, mimi natazama ukuta na yeye analehemu kwa jicho moja. Kiraka ni kipande cha kopo la maziwa ya unga. Kimekaa vizuri, sina neno nacho.

Kilichobaki ni kulipaka kwa ndani ili lisishike kutu tena. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka ya Dar es Salaam yamejaa vitu vya kila nchi, na Mzee Kassimu akaniletea gundi ya chuma, mirija miwili ndani ya boksi. Tatizo ni maandishi yake. Si Kiswahili, si Kiingereza wala si Kiarabu. Nilimpelekea mwalimu mkuu wa hapa Kibiti, akaligeuza boksi juu chini, akasema hata hajui lishikwe vipi. Tukaichanganya na Fundi Sefu nusu kwa nusu, kwa kukisia. Tukamimina, tukalizungusha tangi kila upande gundi ienee. Ilikauka, ikawa ngumu na ya manjano. Lakini hakuna aliyeniambia kama inavumilia petroli, au joto, au ni gundi ya viti.

Sasa nina siku kumi na mbili naendesha. Halijavuja hata tone. Kila anayeliona anasifu. Mzee Kassimu anasema, "Kamlete mkeo sasa, unangoja nini?" Na mimi nasikia harufu ya petroli. Naisikia nikiendesha, nikasimama kupapasa, mkono unatoka mkavu. Naisikia kwenye wali. Jana nimeisikia nikiwa nimesujudu msikitini, nikainuka kabla ya imamu. Sijui tena kama ni harufu ya kweli au ni ile ya Bungu imebaki puani. Wenzangu wananiita Bwana Mpapasaji. Juzi nilijaribu kufunga mto wa kukalia nyuma, nikaweka gunia la mpunga zito kama wewe, nikalifunga kamba kama ningekufunga wewe, ili nijue jinsi pikipiki itakavyokwenda na mzigo huo. Nilifika mwisho wa mji nikageuza. Nilikuwa nimefikiria kwamba wewe usingeweza kuruka. Mimi naweza kuruka, na pale kwa mama wa mihogo miguu yangu ilikuwa chini tayari. Wewe na tumbo la miezi minane, umenikumbatia nyuma, petroli ikishuka, ungefanyaje?

Kuna na jambo la kivuko. Mto umeanza kupanda, na mvua ikikaza pantoni itasimama, nami nitabaki upande huu na pikipiki yangu iliyozibwa vizuri, nawe upande ule. Tungerudi palepale njia panda. Nimelitafakari hili mpaka kichwa kinauma, na kila nikitafakari naona kosa langu ni lilelile, nilitaka nionekane.

Basi fanya hivi. Lori la ufuta linashuka kila Jumatatu. Mwombe dereva akukalishe mbele, mama akusindikize. Mshukie njia panda, mchukue gari la Utete la asubuhi, msichukue la mchana maana huwa linaharibika. Shangazi nimeshamwandikia na ametenga chumba. Ukifika tu, kesho yake uende kliniki, uwaeleze yaliyotokea mara ya kwanza, usione haya kuwaeleza yote. Mzee Kassimu ameniruhusu wiki mbili. Nitavuka mto kwa pantoni, bila pikipiki, kabla haijasimama, nitakuwa Utete kukupokea au nitakukuta, mmoja wetu atatangulia. Kama uchungu ukikuanza kabla hujaondoka, usingoje siku ya lori, usimngoje mtu yeyote, wakushushe siku hiyohiyo.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie nampigia magoti kwa safari hii ninayomtwisha na kifua chake kile. Nisalimie baba, na bibi yako aliyekulea, naye aendelee kutuombea dua. Wasalimie vijana watatu tuliobeba nao kitanda, bado nawakumbuka katika kila swala. Nisalimie na dada yangu Mwajuma, akuangalizie kuku na nyumba mpaka turudi.

Na msalimie shemeji yangu Hamisi. Najua ameshawaambia watu wote wakae barazani kunitazama nikiingia. Wakikuona unapanda lori la ufuta watakucheka, na watakuuliza pikipiki iko wapi. Usinitetee, Somoe. Usiseme imeharibika, maana haijaharibika. Waambie mumeo ameogopa. Kisha panda gari.

Mimi mumeo,
Athumani